Maabara au kazi ya jamii: mwanafunzi wa shahada ya kwanza aanzie wapi?

Ndoo Tupu (aliyeuliza)

Salamu kwenu nyote. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, na muhula huu nimejikuta njia panda. Mhadhiri mmoja wa idara yetu ametangaza kwamba anahitaji wanafunzi wawili wa kumsaidia katika maabara yake ya kupima ubora wa maji. Kazi yenyewe ni kuosha vyombo, kuandaa sampuli na kuingiza matokeo kwenye kompyuta kwa muda wa saa sita kila wiki. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikijitolea katika kikundi cha wanafunzi kinachokwenda kila Jumamosi kufundisha hisabati na sayansi katika shule ya msingi iliyo jirani na chuo. Sioni namna ya kubeba yote mawili bila masomo kuyumba.

Wenzangu wananishauri niache kufundisha, kwa madai kwamba kujitolea ni jambo jema lakini utafiti ndio unaomfungulia mtu mlango wa shahada ya uzamili. Dada yangu, aliyehitimu miaka kadhaa iliyopita, anasema kinyume chake: kwamba aliyemwandikia barua nzuri kuliko zote wakati wa kutafuta kazi hakuwa mhadhiri bali msimamizi wa kazi yake ya kujitolea. Nami nina hofu nyingine ambayo sijamweleza mtu, nayo ni kwamba alama zangu ni za wastani tu, na sitaki kubisha hodi mahali ambapo nitaulizwa kwanza cheti cha matokeo.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Je, utafiti katika ngazi yetu ni wa wenye alama za juu pekee? Nimwandikie vipi mhadhiri asiyenifahamu? Na je, ni kweli kwamba lazima nichague kimoja?

Mhitimu wa Kemia

Ndugu Ndoo Tupu, nilikaa miaka miwili katika maabara ya idara yetu kabla ya kuhitimu, na niliingia nikiwa na alama ambazo nisingependa kuziandika hapa. Kilichoniingiza ni barua fupi niliyoituma kwa wahadhiri watano. Wawili hawakujibu, wawili walisema hawana nafasi, na mmoja akaniita. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutovunjika moyo kwa ukimya, kwani mara nyingi mhadhiri asiyejibu amezidiwa na barua tu. Ukisubiri siku kumi kisha ukamkumbusha kwa adabu, hutakuwa umemkosea.

Kuhusu barua yenyewe, wanafunzi wengi huanza kwa sifa: “Profesa mashuhuri, kazi zako zimenitia hamasa kubwa.” Sentensi hiyo inaweza kutumwa kwa mtu yeyote, na anayeipokea anajua hivyo. Tafuta makala moja aliyoichapisha, uisome hata kama utaelewa nusu yake, kisha uandike kitu ambacho kisingeweza kuandikwa kwa mtu mwingine. Kwa mfano: “Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya mazingira. Nimesoma makala yako kuhusu maji ya visima, na sikuelewa kwa nini sampuli za asubuhi zilitofautiana na za jioni. Nina saa sita kila wiki, Jumanne na Alhamisi mchana, hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Ningependa kujua kama ipo kazi ninayoweza kuanza nayo.” Basi, inatosha. Umesema wewe ni nani, umeonyesha kwamba umesoma, na umetaja muda ulio nao. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau, ilhali ndilo linalomwezesha mhadhiri kuamua.

Usidharau kuosha vyombo. Nilipoanza niliona kama naonewa, mpaka siku niliyopanga sampuli 40 kwenye jokofu bila kuandika tarehe ya kuchukuliwa kwenye chupa, nikidhani ningekumbuka. Zote zilimwagwa. Kazi ya wiki mbili ya watu watatu ilipotea kwa sababu ya kalamu ambayo sikuitoa mfukoni. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba utafiti ni mambo madogo yanayofanywa vilevile kila siku: daftari linaloandikwa palepale badala ya jioni, sampuli moja ya maji safi kabisa inayopimwa pamoja na nyingine ili ijulikane kama vyombo vyenyewe vina uchafu, na kipimo kinachorudiwa hata pale unapopenda jibu la kwanza. Darasani hayo tunayasoma kwa mtihani, na huko maabara ukiyakosea unamwaga chupa za watu.

Mlezi wa Tasnifu

Mimi ni mhadhiri, na kila mwaka napokea barua za aina hii. Nianze na suala la alama, kwa sababu naona ndilo linalomlemea aliyeuliza.

Dhana kwamba utafiti ni tuzo ya wanafunzi bora ni ya zamani, na vyuo vingi vimeiacha. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, inayojulikana kwa kifupi kama MIT, ilianzisha mwaka 1969, chini ya Margaret MacVicar, mpango wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa wahadhiri wao, na tangu hapo mwanafunzi ameweza kushiriki kwa kulipwa, kwa kupata alama za kozi au kwa kujitolea. Vyuo vingi vimeiga mfano huo kwa namna zao. Sababu si huruma. Anayefaulu mtihani ni yule anayejibu haraka swali lenye jibu, ilhali maabara inamhitaji anayevumilia swali lisilo na jibu kwa miezi na anayekiri kosa siku lilipotokea. Sifa hizo sizioni kwenye cheti cha matokeo. Mwanafunzi aliyeniletea data safi kuliko wote niliowasimamia alikuwa amerudia kozi mbili.

Hata hivyo natofautiana kidogo na Mhitimu wa Kemia. Kuosha vyombo kwa wiki tatu ni mafunzo. Kuosha vyombo muhula mzima bila mtu kukueleza swali la utafiti ni nini, huo ni usimamizi mbovu, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza. Kabla hujakubali nafasi, muulize mhadhiri mambo haya bila woga: Ni nani atakayenielekeza kila wiki, wewe mwenyewe au mwanafunzi wa uzamivu? Nitahudhuria vikao vya kundi la utafiti? Baada ya muhula mmoja naweza kupewa sehemu ndogo ya kazi iwe yangu? Kazi hii ina posho au inahesabiwa kama kozi? Swali hili la mwisho wanafunzi huliogopa kama kwamba ni tamaa. Si tamaa. Kazi isiyo na malipo wala alama hubaki kuwa ya wale tu wasiolazimika kutafuta riziki baada ya vipindi, na kwa njia hiyo idara hupoteza watu iliowahitaji.

Uliza pia mapema kuhusu majina ya waandishi, kwa kuwa ugomvi mwingi ninaousuluhisha huanzia hapo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne, ambayo majarida ya fani nyingine pia hufuata: mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua, awe ameshiriki kuandika rasimu au kuirekebisha kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Aliyeingiza matokeo kwenye kompyuta pekee hutajwa kwenye shukrani, na hapo hajadhulumiwa. Aliyechambua matokeo hayo na akataka kushiriki kuandika anapaswa kupewa nafasi ya kufanya hivyo. Kumnyima nafasi ya kuandika, kisha kusema hakuandika, ni hila.

Mtazama Nyota

Nachangia kwa ufupi kwa ajili ya wasomaji ambao vyuo vyao havina maabara wala mhadhiri anayetangaza nafasi. Ipo miradi ya utafiti iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Galaxy Zoo ulianza mwaka 2007 kwa kuwaomba watu wa kawaida waainishe picha za galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kwa sababu picha hizo zilikuwa nyingi mno kwa wanaastronomia peke yao. Mwaka huohuo Hanny van Arkel, mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, aliona katika picha mojawapo wingu la gesi ambalo hakuna aliyekuwa amelitambua, na likapewa jina lake. Mimi nilianza hapo, na nilipomwandikia mhadhiri wa fizikia nilikuwa na jambo la kumweleza. Mradi wa namna hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya msimamizi anayekusahihisha ana kwa ana, lakini ni afadhali kuliko kungoja tangazo lisilokuja.

Mratibu wa Uwandani

Mdogo wangu Ndoo Tupu, nimesoma majibu yote na naona watu wamekimbilia maabara, shule ya Jumamosi wakaisahau. Nimefanya kazi miaka mingi kama mratibu kati ya chuo na jamii zinazokizunguka, kwa hiyo niruhusu niseme kwa upande wa hao wasioandika hapa.

Watoto unaowafundisha hawajui kwamba kujitolea kwako kunashindana na maabara. Wanajua tu kwamba Jumamosi kuna mtu anakuja. Ukiamua kuacha, na si dhambi kuacha, waage, mlete mwenzako atakayeshika nafasi, mfundisheni pamoja wiki tatu kisha uondoke. Nimeona vikundi vya wanafunzi vinavyokuja kwa kishindo muhula wa kwanza, vinapiga picha, na mitihani inapokaribia havionekani tena. Mwaka unaofuata wanakuja wengine na fulana mpya. Walimu wa shule hizo ni waungwana, hawasemi; ila wakija wa tatu hawapewi tena darasa, wanapewa uwanja wa michezo.

Utafiti nao una tabia yake mbaya. Mwanafunzi anakuja na dodoso la kurasa nane, mama anaacha shughuli zake saa nzima kujibu, kisha haambiwi kilichopatikana. Mtaa mmoja ninaoufahamu ulikuwa umehojiwa mara nyingi kiasi kwamba mzee mmoja alianza kumjibu kijana hata kabla hajaulizwa, kwa mpangilio uleule wa dodoso. Tulicheka, lakini nilijisikia vibaya.

Kuhusu kuchagua kimoja, jibu langu ni kwamba si lazima, ila usiunganishe kwa kubandika. Uholanzi katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vilianzisha kile walichokiita maduka ya sayansi: vyama vya wakazi, wafanyakazi au watunza mazingira, ambavyo havikuwa na fedha za kuajiri wataalamu, vilipeleka maswali yao chuoni, na wanafunzi wakayafanyia utafiti chini ya wahadhiri kama sehemu ya masomo yao. Tazama mwelekeo wa njia hiyo. Swali lilitoka nje likaingia chuoni, na jibu likarudi kwa aliyeuliza.

Mfano wa karibu zaidi na fani yako ni Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo ulibadilisha chanzo cha maji na kuanza kutumia mto, bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu. Wakazi wakalalamika kuhusu rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 mama mmoja mkazi wa hapo, LeeAnne Walters, aliwasiliana na Marc Edwards, mhandisi wa maji wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na kundi la Edwards, wakiwemo wanafunzi, likaandaa vifurushi 300 vya kuchukulia sampuli. Waliochukua maji ni wakazi wenyewe, chupa tatu kila nyumba: maji ya kwanza kabisa baada ya bomba kukaa bila kutumika, maji ya baada ya sekunde 45, na maji ya baada ya dakika mbili. Zaidi ya vifurushi 250 vilirudishwa, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yalionekana katika maji. Oktoba mwaka huo mji ulirudi kwenye chanzo chake cha awali. Wanafunzi walioandika namba kwenye chupa hizo walikuwa wakifanya kazi ileile ya kitarishi ambayo Ndoo Tupu ameitiwa; tofauti ni kwamba kila chupa ilikuwa na mtu anayeisubiri.

Ndoo Tupu (aliyeuliza)

Nawashukuru sana, Mwalimu, na ninyi kaka na dada mliojibu. Maelezo ya Mratibu yamenikumbusha jambo. Shule ninayofundisha ina bomba moja uani na tangi la kukinga mvua, na watoto wenyewe wameshaniuliza mara mbili kwa nini maji ya tangi yana ladha tofauti. Nikajibu kwa mzaha, kwa sababu sikujua. Je, nikipata nafasi ile ya maabara, naweza kumwomba mhadhiri nipime maji hayo, na hata kuwafundisha watoto kuchukua sampuli katika kipindi cha sayansi? Nilitaka kuleta chupa Jumamosi hii.

Mlezi wa Tasnifu

Swali ni zuri, na limetoka mahali panapostahili. Chupa, hata hivyo, ziache chuoni Jumamosi hii.

Jiulize kwanza utafanya nini iwapo maji yatakuwa mabaya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka bakteria wa kinyesi aina ya E. coli wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Tuseme umewaona. Watoto wamekusaidia kuchukua sampuli, watakuuliza Jumamosi inayofuata, na jioni hiyohiyo wazazi watakuwa wamesikia. Mwalimu mkuu atakuwa wa mwisho kujua habari ya shule yake mwenyewe, na hana fedha ya kurekebisha tangi. Hapo utakuwa umeeneza hofu bila kuleta dawa. Kwa hiyo, kabla ya sampuli ya kwanza, wewe, mhadhiri wako na mwalimu mkuu mkubaliane kwa maandishi: nani ataarifiwa kwanza, ndani ya siku ngapi, mamlaka gani ya maji au ya afya itahusishwa, na watoto watakunywa nini wakati tatizo linashughulikiwa. Mkubaliane pia kwamba matokeo mabaya hayatafichwa. Shule ikikataa sharti hilo, usipime.

La pili ni kamati ya maadili ya utafiti. Kupima maji ya bomba pekee si utafiti juu ya binadamu, na huenda kamati ikakuruhusu kwa barua fupi. Lakini ukitaka kuwauliza watoto wanakunywa kiasi gani au nani aliumwa tumbo, umeingia eneo jingine: utahitaji ridhaa ya wazazi, kukubali kwa mtoto mwenyewe, na idhini ya kamati kabla ya swali la kwanza. Wanafunzi huona hatua hii kama urasimu. Kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaeleza ukweli na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa tiba ya kawaida. Kutokana na kashfa hiyo ilitoka Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti juu ya binadamu, yenye misingi mitatu: kumheshimu mtu na uamuzi wake, kumtendea mema na kumwepusha na madhara, na haki katika kugawana mzigo na faida. Fomu utakayojaza imetokana na watu hao.

Muda nao upange kwa uaminifu. Idhini inaweza kuchukua wiki kadhaa au hata muhula. Hiyo ina maana kwamba muhula huu kazi yako ni kujifunza vipimo maabara, na utafiti wa shule uje mwaka wa tatu, ambapo huenda ukawa ndio mradi wako wa kuhitimu.

Mratibu wa Uwandani

Naongeza moja kwa Mwalimu, kwa heshima. Kabla ya makubaliano ya maandishi, mtu aende akakae na mwalimu mkuu amuulize shida yake kubwa ni ipi. Huenda akasema si maji, ni madawati. Au huenda akasema tangi lile lilishapimwa na ripoti iko kabatini. Ndoo Tupu anaingia shule hiyo kila Jumamosi, na sina hakika kama amewahi kuingia ofisini.

Ndoo Tupu (aliyeuliza)

Sijawahi kuingia, nakiri. Nimemwandikia mhadhiri barua usiku huu kwa kufuata mfano wa Mhitimu, nikataja saa nne kwa wiki badala ya sita, ili Jumamosi ibaki ya watoto. Kama saa hizo hazimtoshi, nitajua. Jumamosi nitafika mapema kabla ya kipindi, bila chupa, nimwone mwalimu mkuu.

Mhitimu wa Kemia

Chupa usichukue, lakini daftari na kalamu chukua. Na uandike tarehe.